Kifungu cha Ng'ombe

Isidori, mtoto wa dada yangu, alifungwa miaka mitano kwa kuiba ng'ombe mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Sheria ilikuwa na mlango wa kumtolea, na mlango ulikuwa wazi. Aliyeufunga ni baba yake mzazi, mbele ya hakimu, akiwa na akili zake timamu na anampenda mtoto wake kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Hayo yalikuwa Musoma, mwaka themanini na sita, mwezi wa nane.

Mwaka ule nguo zilikuwa zimeanza kurudi. Kabla ya hapo tulikaa miaka hatuoni shati dukani. Watu wazima walikwenda kanisani na suruali zenye kiraka juu ya kiraka, na kipande cha sabuni kilifichwa ndani kama dawa. Kisha serikali ikalegeza kamba, wenye mitaji wakaleta mizigo, na pale mtaa wa Mukendo suruali zikaanza kuning'inia milangoni, za bluu, za kahawia, zenye mifuko mpaka magotini. Shida ikabadilika sura tu. Zamani tulikuwa na hela kidogo na hakuna kitu. Sasa vitu vipo na hela haina nguvu.

Isidori alikuwa anataka suruali. Sababu yake lazima niieleze, maana asiyetujua hawezi kuelewa yaliyofuata.

Kwetu, upande wa Butiama, mtoto wa kiume hahesabiwi miaka. Anahesabiwa kisu. Kabla ya kutahiriwa ni mtoto, hata awe na ndevu. Akishatahiriwa ni mwanaume. Hali chakula na watoto, halali nyumbani kwa mama yake, na ukimwita mtoto mbele ya watu umemtukana yeye pamoja na baba aliyemtoa jandoni. Shemeji yangu Nyamhanga, mume wa dada yangu Benedikta, alikuwa na vijana wawili wa kutahiri. Mmoja ni mtoto wa marehemu kaka yake, mwenye miaka kumi na minane. Wa pili ni Isidori, mwanawe wa kiume wa pekee, mwenye miaka kumi na mitatu. Karamu mbili asingeziweza katika hali ile, ulezi wenyewe wa pombe ulikuwa wa kutafuta. Akawaweka wote kwenye karamu moja. Watu walisema mdogo huyu bado. Lakini Isidori alikuwa mrefu kama mnazi, na siku ya kisu hakupepesa jicho. Maneno yakaisha.

Kwa hiyo akawa mwanaume ambaye bado anavaa kaptula ya shule, tena iliyochanika nyuma. Wenzake wa rika moja, ambao wote walikuwa wakubwa kwake, walimcheka.

"Wewe, mwanaume gani unatembea umefungua dirisha?" walimwambia.

Yeye alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Wawili kati ya wenzake hao ndio waliomwambia twende Bunda. Walichukua mtamba mmoja kijiji cha Kabasa, kwenye zizi la mzee anaitwa Masatu, wakamswaga kurudi huku kwetu ili wamuuze kwa wachinjaji. Njiani yule mtamba alikanyaga mwiba akaanza kuchechemea. Watu wa Masatu walikuwa wanafuata nyayo. Wale wakubwa walipowaona kwa mbali walikimbia. Isidori hakukimbia. Masatu mwenyewe alinieleza baadaye, naye hakuwa na sababu ya kunidanganya, kwamba walimkuta amekaa chini, mguu wa mtamba uko juu ya paja lake, anauchomoa ule mwiba kwa meno.

"Nilitaka kumpiga," Masatu alisema. "Nikashindwa. Nilimwambia maliza kwanza."

Polisi walimuuliza wenzake ni nani. Akasema alikuwa peke yake. Wakamuuliza ana miaka mingapi.

"Nimeshatahiriwa," akasema.

"Nimekuuliza miaka, sikukuuliza habari za jando."

"Mimi ni mwanaume. Andika unavyoona."

Askari alimtazama urefu wake, akaandika kumi na minane.

Niliposikia, nilikwenda Musoma na dada yangu na shemeji yangu. Tukampata ofisa wa ustawi wa jamii, kijana mmoja anaitwa Stanislausi, shati limefuliwa mpaka limekuwa jembamba. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatufafanulia vifungo, polepole, kama mtu anayejua kwamba mwingine haelewi kwa mara ya kwanza.

"Kuna makosa hakimu ana nafasi," alisema. "Anakuangalia, anapunguza, anaongeza. Kuna makosa hana nafasi. Ng'ombe ni mojawapo. Akimkuta na hatia ni miaka mitano, anaweza kupandisha lakini kushusha hawezi, hata kama yeye mwenyewe analia."

"Na aliyempiga mtu?" nikamuuliza.

"Inategemea amempigaje. Wiki iliyopita kijana wa miaka kumi na tisa alimchoma mwenzake kisu kilabuni. Amepata mwaka na nusu. Mwingine alivunja duka akachukua katoni ya sabuni. Huyo mitano."

"Kisu cha tumboni ni mwaka na nusu, sabuni ni mitano?"

"Mjomba, sheria sikuitunga mimi. Walioitunga waliona wizi unaua watu kuliko visu."

Nimeona kwa macho yangu maboma yaliyochomwa kwa sababu ya ng'ombe watatu, na wanawake wamekaa nje na vyungu vyao. Sitasema waliotunga hawakuwa na sababu. Nasema tu kwamba hawakumwona Isidori na ule mwiba.

"Lakini," Stanislausi akaendelea, "aliye chini ya miaka kumi na sita kifungu hicho hakimgusi. Huyo hakimu anaweza kumkabidhi kwa wazazi wake akaenda nyumbani siku ileile. Cheti cha kuzaliwa mnacho?"

Hatukuwa nacho. Nani kijijini alikuwa nacho? Cha ubatizo kiliungua mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda kwenye vijiji na nyumba za zamani zikatiwa moto. Isidori siku ile alikuwa mgongoni kwa mama yake, ana miaka mitatu. Benedikta alimweleza Stanislausi hivyohivyo. Stanislausi akahesabu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kwamba inatosha.

"Basi neno la baba litatosha," akasema. "Mzee Nyamhanga, hakimu atakuuliza wewe. Utasema ana miaka kumi na mitano. Usiongeze kitu. Useme hivyo tu na ukae."

Nyamhanga alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimesikia," akasema.

Tulipotoka nje nikaona hajasikia. Tulikaa kwenye ukuta kungoja gari la kurudi, naye akanigeukia.

"Shemeji, wanataka nimwite mwanangu mtoto."

"Wanataka useme miaka yake. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Lakini pale ndani watakuwepo watu wetu. Nikimwita mtoto, ile karamu niliyofanya ilikuwa ya nini? Atarudi nyumbani akae na nani?"

"Akae na mama yake."

"Mwanaume hakaagi na mama yake."

"Kwa hiyo akae na wafungwa."

"Hatakaa na wafungwa. Nitalipa. Ng'ombe analipwaga na ng'ombe, tangu tumezaliwa. Nitampa Masatu wawili kwa mmoja, tunywe naye, yaishe. Lakini anayelipa ni mwanaume. Mtoto hana deni, na asiye na deni hasamehewi."

"Kijana wa ustawi amekwambia pale hawapokei ng'ombe."

"Yule amesoma. Hajaona kesi ikiisha."

Benedikta alikuwa amekaa upande wa pili, kitenge amejitanda mabegani. Akasema, bila kutuangalia, "Mimi nitasema."

"Utasema nini wewe?" Nyamhanga akamwambia, wala hakuwa na hasira. "Wanaume tupo."

Siku ya kesi nilifika mapema na dada yangu. Nyamhanga alikuja kwa miguu kutoka kijijini, yeye na wazee wanne wa rika lake, na ng'ombe wawili. Walikuwa wametembea tangu jana yake. Ng'ombe walikuwa wazuri, dume na mtamba mwenye mimba, kuliko yule aliyeibwa. Akawafunga kwenye nguzo ya umeme karibu na ngazi za mahakama. Askari akaja juu.

"Mzee, hapa si mnadani."

"Hawauzwi hawa."

"Sasa wamefuata nini?"

"Wamefuata kesi."

Watu waliokuwa wamekaa wakacheka. Dume akanya palepale, askari akaondoka anatukana kimyakimya.

Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja wa Kiriba anaitwa Getruda, mwili mkubwa, mdomo mkubwa. Alikuwa na visamaki vya furu vya kukaanga kwenye gazeti, akawa anatugawia kama tunafahamiana tangu zamani. Mwanawe Bernado alikuwa ndani na Isidori. Alikuwa amegombania nyavu na mtu mzima kule ziwani, Bernado akampiga kasia la uso. Jicho la yule mtu halikupona.

"Wako amefanya nini, mama?" alimuuliza Benedikta.

"Ng'ombe."

"Eh. Sasa nisikilize. Ukiingia mle usikae kama mgeni wa harusi. Lia. Mimi nitalia mpaka hakimu atafute kitambaa. Kale katoto kangu kana ndevu tatu hapa kidevuni, jana nimepeleka wembe mahabusu. Nimekaambia, leo wewe unanyonya, umesikia?"

Benedikta akatabasamu kidogo. "Baba yake ndiye atakayesema."

"Yuko wapi?"

"Yule pale, na ng'ombe."

Getruda akamtazama Nyamhanga, akatazama dume, akatazama nguzo.

"Mwache hukohuko," akasema. "Au mfunge pamoja nao."

Nyamhanga alisikia. Akasema kwa sauti, kwa wazee wenzake, kwamba watu wa ziwani hawatahiri, kwa hiyo mtoto wao anaweza kuwa mtoto mpaka aote mvi. Wazee wakacheka. Getruda akasema afadhali mvi za nyumbani. Hapo hakuna aliyecheka.

Bernado aliitwa kwanza. Getruda alilia kweli kweli, alilia mpaka karani akaacha kuandika. Alipoulizwa umri akasema kumi na mitano, akataja mvua iliyonyesha siku anajifungua, na mkunga aliyemshika, na kwamba mpaka leo anamkatia kucha. Mwenye jicho alikuwepo, na kitambaa usoni. Hakimu akauliza maswali machache, akamsikiliza Stanislausi, kisha akaamua. Bernado asifanye kosa mwaka mzima, mama yake awajibike naye, na yule mtu alipwe fidia. Akatoka kwa mlango wa mbele, mama yake amemshika sikio.

Kisha Isidori. Sikuwa nimemwona kwa wiki tano. Alikuwa amekonda na kichwa kimenyolewa, na bado alikuwa na ile kaptula. Alisimama wima. Alipoona wazee wa kwao wamejaa kwenye benchi, akajinyoosha zaidi.

Alikiri kosa. Masatu akaombwa aseme, akasema mambo mafupi.

"Mheshimiwa, ng'ombe wangu nimempata. Mguu umepona. Mimi sina neno na kijana huyu."

"Nimekuelewa, mzee," hakimu akasema. "Lakini kesi si yako tena. Ni ya Jamhuri."

Stanislausi akasimama, akasema umri ulioandikwa na polisi una mashaka, na wazazi wapo. Hakimu akavua miwani. Yule hakimu hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme. Alikuwa anatafuta mahali pa kushika.

"Baba wa mshtakiwa. Mwanao ana umri gani? Amefika miaka kumi na sita?"

Nyamhanga akasimama. Fimbo alikuwa amenyang'anywa mlangoni, mikono hakujua aiweke wapi.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma miaka. Huyu si mtoto. Nimemtahiri mwenyewe, mbele ya hawa waliokaa hapa. Amekosa kama mwanaume, na mimi nimekuja kulipa kama mwanaume. Ng'ombe wako nje."

"Mzee, sikuulizi kutahiriwa. Miaka."

"Si mtoto."

"Fikiri, mzee. Nakuuliza tena. Jibu lako lina uzito."

"Nimefikiri. Si mtoto."

Mimi nikasimama. Hakimu akaniuliza ni nani, nikasema mjomba. Akauliza kama baba yupo, nikasema yupo. Akaniambia nikae. Kabla sijakaa, Benedikta alikuwa amesimama. Dada yangu hakuwahi kusema mbele ya wazee wa mume wake, hata kwenye vikao vya nyumbani.

"Ana miaka kumi na mitano," alisema. "Nilimzaa mimi. Siku ya kuchomewa nyumba nilikuwa nimembeba."

Nyamhanga hakumgeukia. Mmoja wa wale wazee akaguna. Hakimu akaandika kitu, kisha akamtazama Isidori.

"Umemsikia mama yako. Umemsikia baba yako. Wewe unasemaje?"

Isidori alimtazama mama yake kwanza. Akamtazama baba yake kwa muda mrefu zaidi.

"Mama ananionea huruma tu," akasema. "Mimi ni mwanaume."

Hakimu alivaa miwani yake. Neno la polisi, neno la baba na neno la mwenyewe yalikuwa kitu kimoja, na kijana alikuwa mrefu kuliko askari aliyemshika. Akasoma miaka mitano. Aliisoma haraka, kama mtu anayepita mahali asipopapenda.

Isidori aliposikia hakulia. Alimtazama tena baba yake, kama mwanafunzi aliyejibu swali anavyomtazama mwalimu ajue kama amepata.

"Na ng'ombe?" Nyamhanga akauliza.

"Ng'ombe gani?"

"Niliowaleta. Wawili."

"Warudishe nyumbani, mzee," hakimu akasema.

Nje, wazee walifungua ng'ombe. Wakampa Nyamhanga mkono mmoja mmoja, wakamwambia amezaa mwanaume. Ilikuwa kweli kwao, hawakumdhihaki. Benedikta alipita katikati yao, akapita ng'ombe, akaja upande wangu. Nikadhani anataka nimsindikize mpaka kwake. Tulipofika njia panda ya kwenda kwa mume wake hakukata kona. Alikuja kwangu, akaingia jikoni kwa mke wangu, akaanza kumenya mihogo.

Nyamhanga alikuja baada ya siku nne kumfuata. Alikaa uani, akakataa kiti.

"Mama Isidori, twende nyumbani."

"Isidori yuko wapi?"

"Unajua alipo."

"Nilikuwa na mwana mmoja. Nilisimama mbele ya watu nikamshika mguu, wewe ukamshika mkono ukamvuta. Basi baki na ulichovuta."

"Nilitaka arudi akiwa na heshima yake."

"Mimi nilitaka arudi."

Akaondoka. Padri alikuja mara mbili kuwapatanisha, alimkuta Benedikta anasikiliza vizuri, anaitikia vizuri, na hatoki. Mwisho Nyamhanga aliacha kuja. Kama miezi miwili baada ya kesi, alikwenda Musoma peke yake bila kumwambia mtu. Stanislausi ndiye aliyenieleza. Alimkuta mlangoni mwa ofisi asubuhi, kofia mkononi.

"Nimekuja kusema ana kumi na mitano," Nyamhanga alimwambia.

Muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita. Na hata wangeomba waongezewe, Stanislausi alisema, wakubwa wangeuliza baba alisema nini siku ile, na kilichosemwa kilikuwa kimeshaandikwa. Alijaribu hata hivyo. Haikufika mbali.

Isidori alipelekwa gereza la mashamba, mbali, huko kwenye pamba. Tulikwenda kumwona mimi na mama yake mwaka wa pili. Alikuja amevaa nguo nyeupe fupi, kaptula tena, na alikuwa anakohoa kwa kugeuza uso ili tusione. Nilitaka kumuuliza mambo ya maana. Yeye alitaka kujua kama mbwa bado yupo, na kama wale watoto wa jirani bado wanatega kware kule bondeni. Askari akaita, "Katoto, muda umekwisha." Wafungwa wote walimwita hivyo. Kwa kina baba waliokuwa mle ndani, hakuwa na jina jingine. Nilimwangalia kama anaona haya. Hakuona. Alikuwa ameshazoea kuitika.

Njiani Benedikta aliniambia nisimweleze Nyamhanga hilo jina. Sikumweleza.

Alitoka mwisho wa mwaka themanini na tisa, amepunguziwa kwa tabia njema. Alikaa miaka mitatu na miezi minne. Umri wake ulikuwa sasa kumi na minane, ndio ule ambao askari aliuandika. Hakwenda kwa baba yake. Alikuja kwangu, akalala kwenye nyumba ya mama yake niliyomjengea uani, kwenye mkeka karibu na mlango, na hakuna mtu kijijini aliyethubutu kusema kitu. Wale wenzake wawili waliokimbia walikuja kumwona. Walikuwa wameoa. Walimletea suruali, nzuri, ya bluu. Aliwashukuru. Alivaa mara moja, ikamwanguka kiunoni kwa kukonda, akaikunja akaiweka.

Mchana alikaa na watoto wadogo. Aliwafinyangia ng'ombe wa udongo, na alijua kweli, mpaka nundu na mikunjo ya shingo. Watu wazima wakija alinyamaza. Si kwamba alitukasirikia. Nadhani alikuwa amekaa mno na watu wazima.

Hospitali walisema ni mapafu, wakampa dawa na sindano. Alizifuata zote. Zilikuwa zimechelewa.

Nyamhanga alianza kuleta maziwa. Kila asubuhi alikuja na kibuyu, akakiweka kizingitini, Benedikta akakichukua, hawakusemezana. Siku moja Isidori alimwambia akae. Nilikuwa natengeneza mpini wa jembe palepale nje, nilisikia.

"Baba, siku ile ungesema kumi na mitano, ningekuwa wapi?"

Nyamhanga hakuwa mtu wa kudanganya, ubaya wake haukuwa huo.

"Ungekuwa nyumbani."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naambiwa. Sikuamini. Niliamini wale ng'ombe."

"Hata mimi niliwaona dirishani," Isidori akasema. "Nikajua nitatoka."

Akakohoa, akanywa maziwa. Nyamhanga alikaa mpaka jua likawa kali, kisha akachukua kibuyu chake akaondoka. Kesho yake alikuja tena.

Isidori alifariki mwezi wa tano mwaka tisini, mvua za masika zikiwa zinakatika. Tulimzika kwa baba yake, maana huko ndiko kwao. Benedikta alikwenda mazikoni, akarudi kwangu jioni ileile.

Nyamhanga bado yuko hai, na dada yangu bado yuko kwangu. Watu wakinywa hunitaka nitoe hukumu, nani alikosa, sheria au mzee. Mimi siwajibu. Nawahesabia.

Mzee Masatu wa Kabasa hakupoteza kitu. Mtamba wake alirudi siku ileile anatembea, na tangu hapo amezaa mara nne. Mtu wa Kiriba alipoteza jicho moja. Bernado aliyelitoa hakulala gerezani baada ya hukumu, ameoa, ana mtumbwi wake. Sisi tulipoteza mwana mmoja, na hakuwepo mwingine. Ndoa moja ya kanisani, ya miaka ishirini. Boma moja ambalo jioni moshi wake ni wa mzee anayejipikia. Kwa ng'ombe mmoja ambaye hatukumla.